Wanafunzi wa sayansi wa Masisi na Walikale: utafiti wao unasikiwa wapi?

Kila mwaka, masomo yanapokaribia kufungwa, kwenye vyuo vikuu vya Goma, Bukavu na Butembo kunaonekana watu ambao siku zingine hawakanyagi huko. Ni wakaaji wa Ngungu, wa Mweso, wa Nyabiondo, wa Itebero. Baba amevaa koti la kuazima, mama amejifunga kikwembe kipya, wadogo wameshika maua ya plastiki. Wamekuja kwa sababu mtoto wao anatetea kazi yake ya kumaliza masomo, ile ambayo kila mtu Kongo anaiita TFC.

Kutetea TFC ndio mkutano wa kwanza wa kisayansi ambao mwanafunzi wa Kivu anaupitia. Anasimama mbele, kwenye ukuta kuna picha za projekta kama umeme upo, na mbele yake wanakaa walimu wa juri wenye nakala za kazi yake zilizojaa alama za kalamu nyekundu. Ana dakika kumi na tano, pengine ishirini. Anasema alichotafuta, alikotafutia, namna alivyopima, na alichokuta. Kisha yanakuja maswali. Mwalimu mmoja akiuliza kwa nini alihesabu migomba 60 na si 200, kijana anatokwa jasho hata kama mvua inanyesha. Mwisho juri inatoka, inarudi, inasoma pointi, na wamama wanapiga vigelegele.

Ni siku nzuri, hakuna anayebisha. Lakini kuna jambo linalosumbua. Muda wote huo kazi inasemwa kwa Kifaransa. Baba aliyemuonyesha mtoto mgomba wa kwanza uliougua, mama aliyeuza kuku ili karatasi zichapishwe, wote wawili wanasikiliza bila kuelewa, na wengine wakipiga makofi, nao wanapiga. Shamba lililopimwa ni lao. Ugonjwa unaozungumziwa uko kwao. Na ndani ya chumba hicho wao ndio hawakuambiwa matokeo. Si kosa la mtu mmoja, maana Kifaransa ndiyo lugha ya chuo tangu zamani. Hata hivyo, mzee akirudi Masisi na jirani akamuuliza mtoto alisema nini kuhusu ndizi, atajibu kwamba alipata distinksioni. Jirani atafurahi, na kesho yake ataendelea kukata migomba kwa panga lile lile chafu.

Baada ya kutetea kuna hatua nyingine ambayo wengi hawaifikii: mkutano wenyewe, ule unaoitwa konferansi ao siku za kisayansi. Mpango wake ni rahisi kueleza. Mtafiti anatuma muhtasari wa ukurasa mmoja. Kamati inasoma, inachagua. Waliochaguliwa wanapewa dakika kumi za kuzungumza, ao wanapewa ukuta wa kubandika bango kubwa lenye picha na hesabu, wanasimama pembeni yake na kueleza kwa kila anayepita. Tofauti na kutetea TFC, hapa wanaouliza si walimu wako. Ni mtu wa Kampala, wa Lubumbashi, wa Nairobi, wa Ubelgiji, asiyejua jina la baba yako na asiyejali ulipata pointi ngapi. Anataka kujua jambo moja tu: umejuaje hayo unayosema?

Ndiyo maana wazee walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Swali la mgeni linafungua macho ya mwenyeji. Mwanafunzi aliyezoea kwamba kila mtu anajua Rubaya iko wapi, analazimika kueleza mlima ukoje, mvua inanyesha namna gani, udongo unashuka kwa nini. Akieleza, naye mwenyewe anaona tundu ndani ya kazi yake.

Tena lisemwe wazi: wanafunzi wa miaka ya kwanza ya chuo, wale wa gradua ao wa lisansi ya mpango mpya wa LMD ulioanza nchini mwaka wa masomo 2021-2022, mara nyingi hawaendi. Wanahesabu mimea, wanabeba chupa za maji, wanalala kijijini majuma mawili, kisha kazi inakwenda mkutanoni ikiwa mkononi mwa mtu mwingine. Jina la mwanafunzi linakuja mwisho wa orodha, na mara zingine halionekani kabisa. Kuna walimu wema wanaowapeleka watoto wao wa chuo na kuwasukuma mbele wazungumze. Lakini desturi yenyewe bado inamwona kijana kama mkono wa kazi, si kama mtu mwenye wazo.

Kuna kisa kimoja cha Tanzania ambacho kinafaa kusimuliwa kwa kila mwanafunzi mwenye aibu ya kunyoosha kidole. Mwaka 1963 kijana Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu kwenye shule ya Magamba. Wanafunzi walikuwa wakijitengenezea barafu ya maziwa: wanachemsha maziwa, wanatia sukari, wanangoja yapoe, ndipo wanayaweka ndani ya friji. Nafasi ilikuwa ndogo. Siku moja mwenzake alichanganya maziwa na sukari bila kuchemsha na kuyaingiza haraka. Mpemba akaogopa kukosa nafasi, akaingiza yake yangali moto. Waliporudi baada ya saa moja na nusu, maziwa ya Mpemba yalikuwa yamekwisha kuganda, ya mwenzake bado ni uji.

Akamuuliza mwalimu wa fizikia. Mwalimu akamjibu kwamba alichanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani. Akaenda sekondari ya juu ya Mkwawa, Iringa, akauliza tena, na huko wakaanza kumcheka na kuiita habari hiyo fizikia ya Mpemba. Halafu akafika mgeni: Daktari Denis Osborne, aliyefundisha fizikia kwenye Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Alikuja kutoa mazungumzo shuleni, na mwisho akaruhusu maswali. Mpemba akasimama, akauliza kwa nini maji ya moto yanaweza kuganda kabla ya maji baridi. Wenzake wakaangua kicheko. Osborne naye alikuwa na shaka, lakini hakucheka. Alisema atajaribu. Aliporudi Dar es Salaam akaagiza majaribio yafanywe, na matokeo yakawa upande wa kijana. Mwaka 1969 wawili hao waliandika pamoja katika jarida la Physics Education, jina la Mpemba likiwa la kwanza. Wakati huo Mpemba alikuwa akisomea uhifadhi wa wanyama wa pori huko Mweka, chini ya Kilimanjaro.

Mpaka leo wanafizikia hawajakubaliana juu ya jambo hilo. Kuna waliorudia majaribio wasilione, na kuna wanaoendelea kutafuta sababu yake. Hiyo haipunguzi kitu. Mwanafunzi aliona kitu kwa macho yake, akakataa kukifuta kwa sababu tu kitabu hakikisemi, na siku alipopata ukumbi wenye mtu wa kumsikiliza alikisema mbele za watu. Kama Osborne asingetoa nafasi ya maswali, maziwa yangeliwa na habari ingeishia pale.

Masisi nako kuna kisa, na hiki ni cha uchungu zaidi. Mwaka 2001 wakulima wa huko walianza kuona migomba inageuka. Majani yanakuwa manjano na kulegea kama yaliyopitishwa motoni. Mkungu unaiva kabla ya wakati, lakini kwa namna isiyo sawa, ndizi moja njano, nyingine kijani. Ukikata tunda, ndani mna rangi ya kutu. Ukikata shina, baada ya muda kidogo linatoa ute wa manjano. Wanaosema Kinyarwanda waliuita kirabiranya. Wanasayansi wanauita mnyauko wa bakteria. Ulikuwa umeandikwa mara ya kwanza Ethiopia mwaka 1968, kwenye mmea wa enseti unaofanana na mgomba, na mwaka ule ule wa 2001 ulionekana Uganda pia. Kwa Kongo, Masisi ndiko ulikoanzia. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben, Butembo, pamoja na wenzao wa kigeni, ndio walioandika taarifa iliyotolewa mwaka 2006 ikiujulisha ulimwengu.

Kwa mkaaji wa Masisi mgomba si chakula tu. Ni kasiksi ya harusi, ni pesa za minervali, ni kivuli cha maharagi, ni alama ya mpaka wa shamba. Ulipokufa, familia nyingi zilipoteza benki yao.

Ugonjwa huu unasambaa kwa njia ambazo mtu yeyote anaweza kuzielewa akielezwa kwa lugha yake. Wadudu wanaofuata utamu wa ua la kiume, lile linaloning'inia chini ya mkungu, wanabeba bakteria kutoka mgomba mpaka mgomba. Panga linalokata mgomba mgonjwa halafu likakata mzima linafanya kazi ile ile ya mdudu, tena haraka zaidi. Na machipukizi yanayotolewa kwenye shamba lenye ugonjwa yanaupeleka kijiji kingine. Kwa hiyo dawa yake ni matendo: kuvunja ua la kiume kwa kijiti chenye panda, si kwa kisu, mara tu chane ya mwisho inapotokea, kupitisha panga motoni ao kulisafisha kwa javeli baada ya kila mgomba, na kutochukua mbegu mahali pasipojulikana.

Hapo mwanzo waagronomia walishauri kung'oa shina zima pamoja na watoto wake wote, kuzika, na kuacha shamba lipumzike kwa miezi. Wakulima wengi walikataa. Walionekana wagumu wa kuelewa, na maneno mengi yalisemwa juu yao kwenye mikutano. Lakini ukweli ni kwamba walikuwa wamepiga hesabu: kung'oa ni kazi ya siku nyingi, mjane mwenye watoto wadogo hawezi, na shamba likibaki wazi watakula nini? Baadaye watafiti walikubali kuangalia upya. Wakakuta kwamba bakteria hawafiki katika kila chipukizi la shina moja. Ukikata tu mgomba unaoonyesha ugonjwa, chini kabisa kwenye udongo, mapema, kwa chombo safi, na ukirudi tena na tena bila kuchoka, ugonjwa unashuka mpaka kiasi ambacho shamba linaweza kuishi nacho. Njia hiyo ilijaribiwa na wakulima wa Kivu wenyewe, na leo inafundishwa katika nchi kadhaa za jirani.

Sasa, ni nani anayeweza kuhesabu migomba mia tatu kila juma kwa miezi sita, akiandika upi umekatwa na upi umeota? Profesa hana muda huo. Ni mwanafunzi wa agronomia, mwenye buti, daftari, na shangazi wa kumpikia fufu jioni. Hahitaji maabara ya dola milioni. Anahitaji subira na mwalimu wa kumuongoza. Ndiyo maana mtoto wa Masisi anayesoma agronomia ana kitu ambacho mtafiti wa mbali hana: anajua ni kwa nini mama fulani alikata mgomba usiku, na anaweza kumuuliza bila mkalimani. Akienda na habari hiyo mkutanoni, anafika na jambo ambalo halimo katika vitabu.

Walikale ni habari nyingine, ingawa kwa mbali zinafanana. Ni wilaya kubwa kuliko zote za Kivu ya Kaskazini, msitu mtupu, na humo wanaishi gorila wa Grauer wasiopatikana popote duniani isipokuwa mashariki ya Kongo. Humo pia mna Bisie, mlima wa kasiteriti. Wachimbaji waliupanda kwa miguu miaka mingi, na tangu 2019 kiwanda kinatoa huko bati linalokaribia asilimia 6 ya bati lote la dunia. Wageni wanasimama kwenye kumbi za Ulaya wakionyesha ramani za mwamba huo kwa rangi. Kijana wa Walikale anaujua kwa uzito wa gunia mgongoni mwa kaka yake.

Mzee Mnyanga, Mkumu ao Mlega akiingia msituni anataja miti mmoja mmoja, huu wa kuponya kidonda, huu wa nguzo, huu usiguswe. Mjukuu wake chuoni anajifunza majina ya Kilatini. Kazi nzuri ya biolojia inaweza kuanza pale pale, kwa kuyaweka majina mawili kwenye mstari mmoja, na kuandika mti uko kwenye kilima gani na unazaa mwezi gani. Wazee hao hawabaki milele.

Lakini kwanza mtu afike. Mwanzoni mwa Januari 2025 Masisi-centre iliingia mikononi mwa M23, mwisho wa mwezi huo ikawa zamu ya Goma, na Machi vita vikafika Walikale-centre kabla wapiganaji hao hawajaondoka tena Aprili. Uwanja wa ndege wa Goma ukafungwa, mabenki yakafunga milango, masomo yakasimama kwa majuma. Februari kambi nyingi za wahami kandokando ya Goma zilivunjwa, na watu wakabeba tena vyombo vyao, wengine kwenye chukudu, wengine kichwani. Ndani ya misafara hiyo walikuwemo wanafunzi. Mwenye shamba la majaribio amelipoteza, kwa maana maharagi ya kupimwa yaliliwa na mwenye njaa, na hakuna wa kumlaumu. Mwenye kupima mto hawezi kurudi kwenye mto. Daftari likilowana njiani, mwaka mzima umekwenda na maji.

Juu ya hilo kuna mtu wa kumkumbuka. Corneille Ewango, mzaliwa wa Isiro, alisoma biolojia Kisangani, akafanya kazi ya mimea Epulu, katika hifadhi ya okapi huko Ituri. Alikulia katika ukoo wa wawindaji, naye akageuka kuwa mlinzi wa msitu ule. Vita vilipofika, kati ya mwaka 1996 na 2002, wengi walikimbia. Yeye alibaki. Alificha mimea iliyokaushwa kwa ajili ya uchunguzi, mashine za kompyuta na data za maelfu na maelfu ya miti iliyopimwa kwa miaka, na ilipokuwa hatari zaidi alikaa mafichoni msituni karibu miezi mitatu. Alizungumza na makamanda ili msitu usiharibiwe. Mwaka 2005 alipewa tuzo ya Goldman ya mazingira, na mwaka 2007 alisimama kwenye mkutano mkubwa Arusha akasimulia kisa hicho mbele ya watu wa dunia nzima. Baadaye akawa mwalimu wa chuo kikuu.

Wengine wanamsimulia kama shujaa, na wana haki. Ila ukiangalia vizuri, alichookoa ni karatasi, majani makavu na hesabu. Kwa askari vitu hivyo havikuwa na bei. Kwa sayansi vilikuwa kila kitu, kwa sababu mti uliopimwa mwaka 1994 haupimwi tena kwa mwaka 1994.

Wanafunzi wa leo wana njia nyepesi kidogo kuliko mafichoni msituni. Kila jioni ukurasa wa daftari unapigwa picha kwa simu na kutumwa kwa rafiki aliye mji mwingine, na picha inabaki hata simu ikinyang'anywa njiani. Anayepima kitu chenye majina ya watu, kwa mfano magonjwa ya kambini, inafaa aandike namba badala ya majina, maana karatasi ikiangukia mikono mibaya inaweza kumletea mtu matatizo. Haya si mambo ya kufundishwa katika vitabu vya mbinu za utafiti vinavyotoka Ulaya, lakini Masisi ni sehemu ya mbinu.

Pesa nayo. Kabla ya mwaka 2020 pasipoti ya Kongo ilikuwa dola 185, kisha ikashushwa mpaka 99. Kwa mtoto wa mkulima hata hiyo ya pili ilikuwa ng'ombe mdogo. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na kwa karatasi milango ya Kampala, Nairobi na Arusha imefunguka zaidi. Njia zenyewe ni habari nyingine. Mikutano mingi sasa inaruhusu mtu kuzungumza kwa intaneti, na hapo kijana ananunua mega, anatafuta mahali penye mtandao, anaomba mvua isinyeshe. Akikatika katikati ya sentensi, mwenyekiti anasema asante na kumwita mwingine. Ni vizuri wanaotayarisha mikutano wajue hilo na wakubali video iliyorekodiwa mapema kutoka maeneo ya vita. Haigharimu kitu.

Kuna mkutano mwingine usiohitaji pasipoti. Ni redio ya mtaani, ni kanisa baada ya ibada, ni uwanja wa soko siku ya soko, ni chini ya hema la shirika. Mwanafunzi aliyetetea TFC yake Jumanne kwa Kifaransa anaweza Jumamosi kuirudia kwa Kiswahili, kwa dakika kumi zile zile, na maswali yakafuata. Wengine wanasema Kiswahili hakina maneno ya sayansi. Kinyume chake kiko chini ya miguu ya watu wa Goma. Duniani pote, wanaosoma volkano wanapoandika kwa Kiingereza ao Kifaransa juu ya mashimo yenye gesi ya kuua, wanatumia neno mazuku. Hawakulitafsiri. Walilichukua kwa wakaaji wa kandokando ya Nyiragongo, wakalipeleka kwenye mikutano na majarida, na limebaki hivyo.

Na hapa ndipo kazi ipo kwa mwanafunzi aliyefungiwa njia ya kwao. Asiyeweza kurudi Walikale kuhesabu miti anaweza kuchunguza mahali alipo: maji ya bomba la kambi, choo kiko umbali gani na kisima, moshi wa makala ndani ya chumba kimoja chenye watoto sita, na hayo mazuku yenyewe. Upande wa magharibi wa Goma, kuelekea Bulengo na Lac Vert, ambako wahami wengi walisimamisha vibanda vyao, ni eneo la mazuku tangu zamani. Mwenyeji anajua mashimo hayo kwa kuambiwa na bibi yake. Mhami aliyetoka Masisi juzi hajui, kwa sababu milima ya kwao haina.

Gesi hiyo ni gesi ya kaboni, inapanda kutoka ardhini kwa nyufa za mawe ya volkano. Haina rangi. Ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo inakaa chini, ndani ya mashimo na mabonde madogo, kama maji yasiyoonekana. Usiku na alfajiri, pasipo upepo, inajaa. Jua likipanda na upepo ukaanza, inapungua. Mtu mzima anaweza kupita amesimama akiwa salama, na mtoto anayemfuata akaanguka, kwa kuwa kichwa chake kiko chini zaidi. Ikifika kama sehemu 10 kwa 100 za hewa, mtu anapoteza fahamu haraka, na anayeruka kumwokoa bila kufikiri anaanguka juu yake.

Mwanafunzi wa jiolojia mwenye mwalimu na chombo cha kupimia anaweza kurudi shimo lile lile alfajiri na saa sita mchana, kwa miezi mitatu, akachora ramani ya mashimo yote ya mtaa mmoja. Hiyo ni TFC kamili, na ni bango la kubandikwa Kampala bila aibu. Lakini kabla ya Kampala, wa kwanza kuiona wawe wanaolala pale. Waambiwe kwamba kibanda kinajengwa juu, si ndani ya bonde, kwamba mtoto hachoti maji wala kuokota kuni shimoni alfajiri, kwamba mshumaa unaozimika wenyewe ni alama ya kutoka haraka, na kwamba mahali ambapo panya, ndege ao mbwa wanakutwa wamekufa bila kidonda, hapo hema halisimamishwi.